Lenzi za Mama Se-rin

Watu wananiuliza kwa nini Mama Se-rin bado anaingia nyumbani kwangu. Wanauliza kwa upole, huku wakiutazama mguu wangu wa kushoto uliofungwa bandeji, na najua wakishatoka mlangoni wanaulizana wao kwa wao kwa ukali zaidi. Mwanamke ameushika mguu huu kila wiki kwa miaka kumi na minane, ameusugua kuanzia kisigino hadi vidole, baka jeusi limekaa pale chini likikua mpaka ugonjwa ukafika kwenye tezi za kinena, naye hakusema neno. Basi nitaeleza. Nimechoka kunyamaza, na dawa ninazopewa zimeniondolea haya.

Jina lake ni Ma Bong-im, ila pale Bafu la Cheongsu, mjini Masan, hakuna aliyemwita hivyo. Alikuwa Mama Se-rin, msuguaji wetu. Mimi nilikaa kaunta ya upande wa wanawake, natoa funguo za kabati, nauza mayai ya kuchemsha, maziwa ya ndizi na taulo, na kusikiliza habari za ndoa za watu. Yeye alikuwa ndani kwenye mvuke, na sidiria yake nyeusi na chupi nyeusi kama wasuguaji wote, akiwatoa nongo wanawake wa mtaa mzima juu ya kitanda cha plastiki. Mteja analala chali, anapigwa kikofi pajani, anageuka ubavu. Kikofi kingine, kifudifudi. Hakuna maneno, na hakuna aliyewahi kukosea kugeuka.

Watu wanadhani kazi ile ni ya mikono tu. Msuguaji anauona mgongo wako kuliko mumeo, anaziona nyayo zako kuliko wewe mwenyewe, na anaziona kila wiki. Mama Se-rin ndiye aliyemwambia mke wa muuza samaki kwamba kuna kitu kwapani hakikuwepo mwezi uliopita. Kwa mwalimu mmoja mstaafu alishika kioo nyuma ya bega, akamwonyesha alama iliyobadilika rangi, akamfukuza aende hospitali siku ileile hata kabla hajasuuzwa vizuri. Wote wawili wako hai. Baada ya hapo wanawake walikuwa wakipita mabafu mengine matatu ili waje kulala kwenye kitanda chake. Hawakuja kwa ajili ya nongo. Walikuja kuangaliwa.

Sasa, macho yake yenyewe yalikuwa mabovu tangu utotoni. Bila lenzi, ili aone kitu, ilibidi akilete shibiri moja kutoka puani. Miwani haikufaa, kwa sababu mvuke unaiziba mara moja na jasho linaiteremsha. Zaidi ya hapo, mwenye bafu, Bi. Chae, aliikataa. Alisema mwanamke aliyelala uchi anavumilia macho lakini havumilii miwani, anajiona kama yuko kwa daktari. Nami nakiri alisema kweli. Kwa hiyo Mama Se-rin alivaa lenzi laini za kuweka juu ya mboni, asubuhi anaweka, jioni anazitupa, na maisha yakaenda.

Alipofika arobaini na saba, vya karibu navyo vikaanza kumkimbia. Lenzi zilimpa ukuta wa mbali, zikamnyima kilichokuwa mikononi mwake. Alianza kwa kurudi nyuma hatua moja akisugua, mikono imenyooka, mpaka mteja mmoja akaniuliza nje kama msuguaji wetu anaona kinyaa. Akajaribu kufanya kazi bila lenzi kabisa. Akainama mpaka pua ikagusa mgongo wa mama mmoja mnene, yule mama akageuka bila kupigwa kikofi.

"We Mama Se-rin, unanisugua au unaninusa?" akamuuliza, na bafu zima likacheka.

Yeye alicheka pia. Lakini Bi. Chae hakucheka. Alikuwa ameshaleta msuguaji wa pili wa siku za mwisho wa wiki, dada wa miaka thelathini na nne kutoka Daegu, mwenye mabega ya mwogeleaji na macho mazima. Mama Se-rin alijua, nami nilijua, kwamba siku wateja watakapojua haoni, kile kitanda si chake tena. Alikuwa hana mume, Se-rin mwenyewe ameolewa Incheon na ana shida zake, na tangu afike Masan hakuwa amefanya kazi nyingine.

Mimi ndiye niliyemwambia habari za lenzi za kuona mbali na karibu kwa pamoja. Nilizisikia kwa mteja. Na mimi ndiye niliyemwambia adanganye, hili nalisema kabla hajalisema mtu mwingine. Kila duka la miwani limebandika tangazo kwamba lenzi hazivaliwi bafuni wala kwenye mvuke, maji yana vijidudu vinavyokula jicho. Kwa lenzi zake za zamani hakuna aliyemuuliza kitu, alinunua tu kwa namba. Hizi mpya zinapimwa, na mpimaji anauliza unafanya kazi gani.

"Sema unapika mgahawani," nikamwambia. "Mvuke ni mvuke."

"Na akiniuliza napika nini?"

"Sema supu ya uti wa mgongo. Nani atakubishia?"

Akaenda kwa Bwana Noh, kijana mpole wa duka lililo karibu na soko, akasema anapika supu ya uti wa mgongo. Nilitania sana siku hiyo. Nilimwita mpishi wiki nzima.

Jozi ya kwanza haikutulia. Bwana Noh alimwangalia na kurunzi yake akasema lenzi zinateleza kuelekea masikioni, sehemu ya kuonea karibu haikai mbele ya mboni inakotakiwa kukaa, kwa hiyo ipo lakini haifanyi kazi. Akambadilishia nyingine yenye mviringo wa kubana zaidi. Hizo zilitulia. Pale dukani alisoma herufi ndogo kuliko zote kwenye kadi, akatoka anatabasamu, akaja kunisomea maandishi ya nyuma ya chupa ya maziwa ya ndizi, mpaka jina la kiwanda. Tukafurahi. Alipoingia ndani kwenye kitanda chake, hakuona kitu.

Ilimchukua Bwana Noh majuma kadhaa kuelewa, na hakuelewa vizuri, kwa kuwa alifikiria jikoni. Alieleza kwamba sehemu ya karibu ya lenzi hizo imewekwa katikati kabisa, ni ndogo, na inafanya kazi vizuri mboni ikisinyaa kwenye mwanga mkali. Gizani mboni inatanuka, na sehemu ile inamezwa. Akamuuliza kama taa za jikoni kwake ni hafifu. Mama Se-rin akasema hapana, zinawaka vizuri. Angesema nini? Bafu letu lina taa nne za manjano zilizofunikwa vioo vyenye ukungu tangu enzi za baba yake Bi. Chae. Kijana wa watu akaendelea kumpimia macho kwa ajili ya jiko ambalo halikuwepo.

Jozi ya tatu, jicho la kushoto likapewa karibu na la kulia mbali. Siku ya pili aliikosea ngazi ya bwawa la maji ya moto, akajigonga kwenye ukingo, ngozi ya muundi ikachunika hadi mfupa ukaonekana. Tuliwaambia watu ni sabuni. Jozi ya nne ilimkausha macho, yakawa mekundu mchana kutwa, na wateja wakaanza kunong'ona kwamba analia, pengine Se-rin ameachika. Kila akirudi dukani alipeleka kitu, mara mayai, mara chupa ya kinywaji cha wali, kwa aibu ya kumsumbua yule kijana. Na kila akirudi bafuni nilimuuliza, akatikisa kichwa, akaingia kazini. Wakati huo wanawake bado walikuwa wanakuja kuangaliwa. Wanajilaza, wanafumba macho, wanajua wako salama.

Hapo ningeweza kusema kitu. Ningeweza kumwambia, Mama Se-rin, hawa watu wanakuamini, waambie. Sikusema. Nilimpenda, na niliogopa kubaki na yule dada wa Daegu asiyejua kupiga soga. Ndivyo ilivyokuwa, sina namna ya kuipamba.

Jozi ya tano ndiyo aliyobaki nayo. Vya karibu aliviona. Vya mbali aliviona. Ila kila kitu kilikuwa na kivuli chake, mstari wa pili umelala chini ya mstari wa kwanza, doa pasipo na doa. Bwana Noh akamwambia ni kawaida kwa lenzi za aina hiyo, ubongo haujajifunza. Ajipe majuma mawili. Asivifuatilie vivuli, avipuuze, na siku moja atashtuka kwamba havipo tena. Mama Se-rin akaja akaniambia maneno hayohayo kwenye kaunta, akimenya yai, na baada ya majuma mawili akasema kweli, nimezoea. Nilimnunulia maziwa ya ndizi. Nikaona tumeshinda.

Siku ya Jumatatu, saa nane hadi saa tisa mchana, bafu huwa halina watu. Ulikuwa wakati wetu. Ananisugua, halafu namsugua yeye, ingawa mimi sijui kazi na alikuwa akinilalamikia kwamba nampapasa. Nina goti bovu, na nyayo zangu sijaziona tangu nikiwa na miaka arobaini na tano. Nilijua nina magaga kwa sababu yalinasa soksi. Alikuwa akiyasugua kwa jiwe, ananitukana kwamba nina miguu ya mvunja mawe, nami nalala nikisikiliza maji. Jumatatu ngapi zilipita hivyo baada ya ile jozi ya tano sijui. Daktari anakisia miaka miwili.

Soksi ndiyo iliyosema. Mwanangu Hyeon alikuja kwa sikukuu ya mavuno, akakuta soksi ya kushoto ina damu kisiginoni, akanilazimisha niinue mguu. Hakupiga kelele. Alikwenda kuwasha gari. Hospitali walisema ni saratani ya ngozi, wakaikata pale kisiginoni, wakachukua nyama ya paja wakapazibia, halafu wakanifungua kinena. Daktari aliniuliza kama hakuna mtu yeyote nyumbani aliyewahi kuuona unyayo wangu. Nikasema naishi peke yangu.

Hyeon ndiye aliyekwenda bafuni kuwaambia. Sikumtuma. Alisimama kwenye mlango wa upande wa wanawake akasema yote kwa sauti, na yule mke wa muuza samaki alikuwepo. Wiki hiyo wanawake walipanga foleni hospitali kuangaliwa mwili mzima. Bi. Chae hakuhitaji kumfukuza mtu. Mama Se-rin alikisafisha kitanda chake, akatundika vitambaa vya kusugulia vikauke, na kesho yake hakurudi.

Alikuja kwangu baada ya siku kumi na moja, mchana, na sufuria ya uji wa wali. Nilikuwa sijamwona na miwani hata mara moja. Ilikuwa minene, imemfanya awe na macho madogo ya mtu nisiyemfahamu. Alikaa sakafuni, hakunitazama usoni, alikuwa akiitazama bandeji. Nilikuwa nimejiandaa kumwonea huruma. Nilitaka kumwambia kwamba hakuona, kwamba asiyeona halaumiwi, na kwamba mimi ndiye niliyempeleka kwa Bwana Noh na uongo wa supu. Nilikuwa nimeyapanga maneno hayo usiku kucha.

"Niliuona, dada," akasema.

Nikamuuliza aliona nini.

"Lile baka. Niliuona weusi pale kisiginoni. Nikapiga jiwe, haukutoka. Nikavua lenzi, nikaisuuza, nikarudisha, bado upo. Nikasema basi, ni vile vivuli. Wiki iliyofuata nikauona tena." Alijifuta pua kwa mgongo wa mkono. "Nikajizoeza. Yule kijana alisema nivipuuze, na mimi nikavipuuza. Mpaka kweli nikawa siuoni."

Nilihisi hasira ikipanda, hasira ya kweli, ya kumrushia ule uji. Kama asingeona ningemsamehe papo hapo. Alikuwa ameusugua, ameutazama, amejiuliza, na jibu akalichukua dukani badala ya kuniuliza mimi niliyelala pale mbele yake. Neno moja tu lingetosha. Dada, una kitu hapa? Ningemwambia sijui, ngoja nimwite mtu. Lakini angeuliza, ningejua kwamba bado haoni. Na aliogopa hata mimi nisijue.

Akaniomba mguu wa kulia. Nikampa. Aliuweka juu ya mapaja yake, akauelekeza kwenye mwanga wa dirisha, akaanza kuuangalia polepole, kisigino, upinde, kidole kimoja kimoja, akipanua katikati ya vidole kwa ncha za kucha. Hajawahi kuniangalia kwa uangalifu hivyo. Machozi yalikuwa yakidondoka ndani ya miwani, naye hakuivua.

"Hakuna kitu," akasema mwishowe. "Huu ni safi kabisa."

Nikamshukuru. Nilikula uji mbele yake ili aondoke na sufuria tupu. Mlango ulipofungwa nikampigia Hyeon simu, nikamwambia aje na kurunzi auangalie tena.