Mlango wa Nyuma wa Landrova

Mzee Nestory wa kijiji cha Pito, Ufipa, ni mbishi. Hata na sanduku hugombana. Binti yake Edith, anayefanya kazi Dar es Salaam, alimtumia masanduku mawili ya zamani, kila moja la kiwanda tofauti, yenye vipande vya plastiki vya kuunganisha Landrova ndogo. Mzee akavaa miwani, kesi ikaanza.

"Hawa matairi wamepatia, lakini bawaba za milango hazionekani kabisa," alilalamika. "Hawa wengine bawaba wameweka vizuri, ila usukani uko kushoto. Landrova ya kushoto Ufipa aliiona nani?"

Hakuwa akicheza. Mkewe Dominika alikuwa haoni tena, na Nestory alitaka jambo moja tu: ashike kwa vidole vyake gari lililomwokoa, alitambue. Lilikuwa la parokia. Uchungu wa kumzaa Edith ulimkuta kijijini Msanzi, mtoto amekaa vibaya. Dereva Evaristi, aliyekuwa akipita vigangoni kukusanya ulezi wa sadaka ya mavuno, akawapakia, akawafikisha hospitali Sumbawanga. Tangu hapo kila mavuno wawili hao hushukuru kwa safari ile na kumwombea marehemu Evaristi.

Basi mzee akachukua matairi ya sanduku hili na milango ya lile, usukani akauhamishia kulia, tairi la akiba akalibandika juu ya boneti. Gundi ilipokauka akampelekea mkewe.

Dominika alipapasa. Kwenye boneti akatabasamu. Kwenye tairi la akiba akaitikia kwa kichwa. Mkono ukafika nyuma, ukasimama.

"Baba Edith, hii siyo."

Nestory akanywea. "Siyo vipi? Nimelinganisha kila kitu na picha ya gari lile!"

"Mlango wa nyuma umefungwa."

"Mlango si hufungwa, Mama Edith?"

"Wetu ungefungika wapi, na magunia yale? Nililala juu ya ulezi, miguu karibu itoke nje, na baridi ya mwezi wa sita unaijua. Mbona upepo haukunifikia?"

"Nilisimama kwenye bampa," mzee alisema. "Nikashikilia paa, nikaziba pale mlangoni."

"Mpaka mjini. Ulishuka vidole havikunjuki, vumbi mpaka kwenye kope. Kila mwaka unamshukuru Evaristi, unaishukuru Landrova, na mimi naitikia tu. Wewe sijakushukuru hata siku moja. Asante, mume wangu."

Machozi yakamtoka mzee, na hakuyaficha. Akachukua kisu, akaubandua mlango ule aliouhangaikia kuliko kipande kingine chochote, akalirudisha gari mikononi mwa mkewe. Dominika akapapasa uwazi, akashuka hadi kwenye bampa, akakiacha kidole chake pale.

"Sasa ndiyo yenyewe," alisema.