Fimbo Arobaini za Mama Mkwe

Niseme tu, hata kama aibu bado inaniwasha: mimi, mwenye diploma ya shule ya jioni, niliamini kwamba maharage yakipandia fimbo mbichi za porini yanadhani bado yako porini, basi yanazaa mpaka unaita majirani wakusaidie kuchuma. Aliyeniambia ni Tonton Déo, tuliyekaa naye benchi moja darasani, na hakucheka hata kidogo (mwongo yule!).

Basi Jumamosi nikaingia pori la kule juu ya Katana, nikakata fimbo arobaini, nzito kama nguzo za kanisa, zote za aina moja ya mti ulionyooka, nikazileta mjini, mtaa wa Nyalukemba, na kuzichomeka pembeni mwa bustani ya mama mkwe, nikivuta kamba zisipinde hata kidole, maana jiometri niliisoma.

Kumbe mti ule ndio watu hupanda kuonyesha mpaka wa parsele, yaani kiwanja! Na mama mkwe alikuwa amegombania mpaka huohuo na jirani yake, Papa Cikuru, miaka mitatu, na Jumatatu ndiyo walipaswa kusaini mapatano mbele ya shefu wa avenyu, mkuu wa mtaa wetu. Mimi mutoto wa Muhumba, kwenye mipaka ya kuta za matofali, ningejulia wapi?

Jumapili, watu wakitoka misa, Papa Cikuru akapiga kelele hadi Rwanda ng'ambo wakasikia.

"Maman, mukwe wako anapanda mupaka kwangu? Sisaini tena!"

"Papa, ile ni fimbo ya maharage!"

"Fimbo ya maharage inapangwa na kamba? Unaniona mujinga?"

Avenyu nzima ikajaa. Kwetu mama mkwe hamkaripii mkwe mbele ya watu. Siku hiyo alikaripia.

"Ngoa. Yote. Sasa hivi."

Nikang'oa nikiwa na suruali ya misa na hasira tele: kwa Cikuru, kwa wale waliohesabu kwa sauti kila fimbo, na zaidi kwa Tonton Déo, aliyeegemea ukuta akicheka mpaka anafuta machozi. Nikamrushia moja. Ikamkosa, ikampiga shefu mguuni.

Jumatatu Papa Cikuru alisaini, lakini kwanza niliomba msamaha mara tatu, kwake, kwa shefu, na kwa mguu wa shefu. Pori lile silikanyagi tena, na Déo simsalimii mpaka leo.

Mama mkwe alininunia mwezi mzima. Halafu asubuhi moja akaniletea vijiti vya zamani, vyepesi, vikavu.

"Mukwe, maharage haijue pori. Inatafuta tu kitu ya kushika."