Dhahabu ya Mama Kulwa

Mama Kulwa, jirani yangu hapa Ngokolo, alikuwa akichemsha tope la kahawia kwa tindikali, kisha analichuja. Mimi nimekulia Geita kwenye machimbo ya dhahabu, kwa hiyo sikuona haja ya kuuliza: anachenjua dhahabu kwa siri. Nikamleta mwenyekiti wa mtaa, naye akaja na kufuli aifunge kazi yake.

“Haya ni mabua ya pamba yaliyosagwa,” alisema Mama Kulwa. “Tindikali inatoa sukari iliyomo, nawauzia watengeneza spiriti.”

“Sukari kwenye mabua?” Nilizidi kuchanganyikiwa. “Na dhahabu je?”

“Dhahabu gani, Baba Juma?”

Nje, majirani niliowadokeza walikuwa wamejaa getini na makarai yao. Mwenyekiti akarudisha kufuli mfukoni.

“Baba Juma, toka ukawaambie mwenyewe.”