Kinu cha Marehemu Aliyerudi

Nimekosa, na sina wa kumsingizia. Nilimwandika mtu marehemu akiwa hai.

Mimi ni mtunzaji wa makumbusho madogo hapa Baraka, ndani ya shule ya zamani. Kazi hii nilijifunza mwenyewe, kwa kusoma. Kila kitu nilikibandikia karatasi: jina lake, mwenyewe, kijiji. Karatasi zile nilizipenda kuliko vitu vyenyewe. Ole wangu!

Mtu wa kijiji cha Lubondja alituletea kinu cha jirani yake aliyekimbilia Tanzania wakati wa vita. "Yule mama alikufaka kambini," akasema. Nikaandika: "Kinu cha marehemu Mama Riziki." Kwa wino mweusi. Lubondja sikwenda kuuliza. Mwandiko ulitoka vizuri, nikaridhika.

Baadaye mdogo wa kiume wa Mama Riziki alikuja kutazama. Miaka mingi kwao hawakuwa na habari za dada huyo. Alisoma, akavua kofia, akarudi nyumbani. Wakakaa matanga. Kisha akauza shamba la dada yake. Wazee walipomdai ushahidi, aliwajibu: "Muende Baraka, iko imeandikwa."

Na kweli ilikuwa imeandikwa!

Mwaka huu mama mmoja aliingia na mzigo kichwani, akasimama mbele ya kinu, akaisoma ile karatasi, akanigeukia.

"Papa, ni weye njo uliniuaka?"

Nilimuuliza, Mungu anisamehe, kama ana kitambulisho.

"Marehemu anabebaka kitambulisho? Shamba yangu iko na mihogo ya muntu mwingine. Mi nitalala wapi?"

Tulikwenda kwa chifu wa Lubondja. Nilisema mbele ya watu wote kwamba nilimuua bila kuuliza. Watu walicheka. Yeye hakucheka. Chifu akaamua mnunuzi avune kwanza, ndipo shamba lirudi. Mihogo haina haraka.

Kwa hiyo Mama Riziki analala makumbushoni, katika darasa la mwisho, na anatwanga sombe, majani ya mihogo, kwa kinu chake. Nilitaka kuitoa ile karatasi, akanizuia: "Uiache. Siku nitapata shamba, utaipasua mbele yangu."

Wageni wakiuliza kinu ni cha nani, anafuta jasho. "Ni ya marehemu. Njo mimi mwenyewe. Musogee, sombe itawarukia."

Wewe unayeandika habari za watu, nakusihi: kabla ya kuandika "marehemu", fika kwanza nyumbani kwao. Mimi safari hiyo ya Lubondja nilikwenda mwishowe, siku ile ya chifu, nimebeba mzigo wake, na kila tuliyekutana naye njiani alimsalimia yeye kwa hofu.