Niligeuza fromage za watu Kirolirwe, za kwangu zikavimba

Wakuu, amani kwenu. Haya yamenipata mimi mwenyewe, sikusimuliwa. Nimechoka, kwa hiyo mnivumilie.

Mimi ni mtu wa kuhamahama. Nimeishi Itebero, msituni, nikibeba mizigo kwa miguu, kisha nikarudi Masisi, kwenye milima ya ng'ombe. Mpaka leo mvua ikipiga majani naikumbuka Itebero. Lakini hiyo si habari ya leo.

Kirolirwe, huko huko Masisi, nilipata kazi kwa Papa Bahati, mwenye fromagerie ndogo, yaani kiwanda cha fromage (jibini). Aliniweka chumba cha nyuma: kutia fromage chumvi, kuzigeuza kwenye mbao, kuzipangusa. Baadaye nikajua pia kupasha maziwa na kutia dawa ya kugandisha.

Nikajiambia nimeiva.

Kila asubuhi wachungaji walileta maziwa, na patron, huyo Papa Bahati, alisimama mlangoni kuwasalimia. Salamu ndefu! Mke, watoto, ng'ombe mmoja mmoja. Sisi wa nyuma tulimcheka: "Muzee anapenda maneno kuliko maziwa."

Nikaacha kazi. Mimi na mke wangu, Mama Furaha, tukafungua ya kwetu Lushebere. Jirani yetu, Papa Ndoole, akakubali kutuletea maziwa yake yote. Nilipokea bidoni, yale madumu ya maziwa, nikasema asante, nikakimbilia sufuria.

Fromage zikabaki laini. Siku chache baadaye zikavimba kama maandazi, zikapasuka. Nyumba nzima ikanuka.

Papa Ndoole akaja kutazama.

"Njo hii ulijifunza Kirolirwe?"

"Papa, sijui nini imeharibika."

"Ile ngombe ya madoa, veterinaire aliipiga sindano. Haukuniuliza."

Kweli sikumuuliza kama daktari wa mifugo alipita kwake. Akachukua bidoni zake, akaondoka. Tangu siku hiyo maziwa yake yanakwenda kwingine.

Nikapanda tena Kirolirwe. Papa Bahati alicheka mpaka akakaa chini.

"Kaka, ulifikiri niko nauliza habari ya ngombe juu ya adabu tu? Maziwa ya ngombe ya sindano haiingiye humu, ile dawa inaharibu fromage. Ya ile imetoka kuzaa, vilevile. Na muntu hatakuambia kama haumuulize na heshima."

Hakuna aliyenificha kitu. Mlango ulikuwa wazi kila asubuhi, mimi nilikuwa nyuma nacheka.

Basi nimerudi kwake, stagiaire, mwanafunzi wa kazi, wa miaka arobaini na kitu, bila mshahara. Nasimama mlangoni. Mama Furaha hupiga simu kuuliza, "Unarudia lini?" Namwambia bado. Nikirudi, nitaanzia kwa Papa Ndoole, kumwomba maziwa upya. Anaweza kukataa.

Nilichojifunza: kazi inakufundisha pale walipokuweka tu. Kabla hujatoka kujitegemea, omba usimame kila mahali, hasa pale unapoona watu wanapiga soga.

Nyinyi mlioajiriwa kwanza kisha mkaanzisha ya kwenu, ni kitu gani mlikigundua mkiwa mmeshaharibu? Andikeni. Nitasoma hapa mlangoni, wachungaji bado hawajafika.