Moshi Mweupe wa Gari la Baba

Juzi, hapa Arua, gari lilinipita likitoa moshi mweupe wenye harufu ya mafuta ya taa, nikamkumbuka Juma, aliyeuza petroli kwa chupa sokoni Koboko.

Mchana mmoja, nikiwa mtoto, nilimwaga petroli ambayo baba alikuwa amenituma kuinunua kwake. Kwa kuogopa fimbo niliijaza chupa mafuta ya taa. Nilidhani kila kinachowaka ni kitu kimoja. Kabla hatujafika Dranya gari lilianza kukohoa moshi. Baba alinusa bomba, akarudi sokoni kwa miguu, nami nyuma yake.

“Juma, wewe iko mwizi! Umeniuzia mafuta ya taa!”

“Mimi, afande? Mimi tulikula na wewe sahani moja jeshini?”

Hawakusalimiana tena. Nilihudhuria mazishi ya wote wawili, na kote nilinyamaza.