Kichwa cha Kapiteni kwa Neno Moja

Enzi zetu hapa Kisangani, Wabelgiji wakiuita mji Stanleyville, maneno yalitafutwa kwa miguu! Tulikuwa mabinti wa shule ya masista, pekupeku, midomo ikinukia ndizi za kuchoma. Sista wetu Mhispania akitutuma stoo ya misheni alisema twende "bodega". Siku moja akaahidi kwamba atakayemletea asili ya neno hilo atapanda naye gari hadi Banalia.

Banalia alikaa Koko, mama yake mama, na sikuwa nimemwona hata mara moja.

Jioni nilimsindikiza Papa, baba yangu, mvuvi wa kwenye maporomoko ya mto, kuuza samaki kwa Mgiriki mwenye duka. Mgiriki akaagiza magunia ya chumvi ya misheni yatolewe "apothiki". Nikauliza ni wapi. Akanionyesha stoo ya nyuma, akasema kwao ndivyo wanavyoiita tangu mababu. Apothiki, bodega: stoo ni ile ile, na sauti zinafanana! Nilitimua mbio bila kuaga!

Sista alipiga makofi. Kumbe neno hilo la Kigiriki ndilo lililowazalia Wahispania bodega na Wafaransa boutique, duka lao. Waingereza nao wakapata apothecary, muuza dawa wao wa zamani, na bado hawakutosheka, wakaazima na boutique. Safari ikawa kesho yake asubuhi.

Nyumbani nilitangaza kwa mbwembwe. Papa hakucheka. Kwetu kila ukoo una mahali pake pa kutega, na ukitoa samaki kwenye mtego wa mwingine, kichwa ni cha mwenye mtego.

"Neno iko vile vile," akasema. "Ulilitoa mu mutego ya Mugiriki. Pelekea ye kichwa kwanza, kisha utaenda."

Asubuhi nilikimbia na kichwa cha kapiteni, samaki mnono kuliko wote mtoni kwetu, huku nalia, nikijua gari litaniacha. Mgiriki alipoelewa sababu, alikipokea kwa mikono miwili, machozi yakamlenga. Nikageuka nitoke, na mlangoni nikamkuta Sista na gari lake, anapakia chumvi! Furaha ile sijaisahau, wala mikono ya Koko ikinipapasa uso.

Leo wajukuu wangu wanaokota maneno ya Kigiriki kwenye simu, wamejilaza. Nawauliza kichwa wamempelekea nani. Wananicheka, nami nacheka nao, ila nawaonea huruma: hawana hata mlango wa kugonga.